Anza na mwili wako mwenyewe: mwongozo wa maneno ya anatomia na mifumo ya mwili

Kila muhula unapoanza, wanaoingia kusomea uuguzi, utabibu, maabara au huduma ya kwanza huuliza maswali yaleyale. Mbona kitabu kinasema kulia na picha inaonyesha kushoto? Mshipa ni ateri au neva? Ini liko kifuani au tumboni? Na majina yote haya yanakaririwaje?

Wengi hudhani kikwazo ni Kilatini. Kilatini kina nafuu yake: neno moja, kitu kimoja. Kinachomtega anayeanza ni maneno aliyokua nayo. Mkono, mguu, tumbo, mshipa: kila moja limebeba vitu vitatu vinne, na nyumbani hakuna aliyewahi kukuambia uvitenganishe. Kwa hiyo hapa hatuanzi kwa kukariri. Tunaanza kwa kushika.

Andaa hivi kabla hujaanza:

- Kioo kinachokuonyesha walau kuanzia kichwani hadi kiunoni.
- Kalamu ya wino unaofutika kwa maji na sabuni. Kalamu ya maka ya kudumu itakukaa kifuani siku kadhaa.
- Rula na futi ya fundi cherehani.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Matango matatu madogo na kisu.
- Daftari, na mwenzako mmoja. Peke yako inawezekana, lakini mgongo wako hutauona.
- Kwa hatua ya 8: moyo mmoja wa ng'ombe, glavu, kisu kikali au wembe mpya, sinia na penseli isiyochongwa.

Hatua ya 1 hadi ya 7 zinataka kama saa mbili. Moyo uuwekee siku yake.

1. Simama mkao wa anatomia

Simama wima, uso mbele, miguu sambamba, vidole vya miguu vikielekea mbele. Mikono iteremke kando ya mwili, viganja vikitazama mbele. Hapo kidole gumba kinaelekea nje, mbali na paja.

Huu ndio mkao ambao maneno yote yanapimiwa. Mgonjwa awe amelala kifudifudi, amejikunja au ananing'inia, unamweleza kana kwamba amesimama hivi.

Kosa la kawaida: kuacha viganja vitazame mapaja kama tunavyosimama siku zote. Ukifanya hivyo, upande wa gumba unakuwa mbele badala ya pembeni, na kila utakachosema kuhusu kigasha, yaani kiwiko hadi kifundo, kitakosewa. Ona kwa macho: viganja vikitazama mbele, mifupa miwili ya kigasha, radiasi na ulna, inalala sambamba. Geuza kiganja kitazame nyuma, radiasi inavuka juu ya ulna kama mkasi. Shika kigasha kwa mkono wa pili huku ukigeuza, utausikia mfupa ukihama.

2. Kulia ni kulia kwa mwenye mwili

Mtazame mwenzako uso kwa uso. Mkono wake wa kulia uko upande wa kushoto kwako. Katika anatomia, kulia ni kwake daima. Picha ya kitabuni inakutazama vilevile, ndiyo maana ini, ambalo liko kulia, huchorwa upande wa kushoto wa ukurasa.

Andika herufi K ya kulia kwenye kiganja cha mwenzako na uisome kwa sauti kila unapotaja upande. Ni utoto, lakini kosa la upande ndilo kosa ambalo mtihani haukusamehi na chumba cha upasuaji hakikusamehi zaidi.

3. Jifunze jozi tano za mahali

Andika kwenye daftari, kisha kila jozi iguse mwilini:

- Superia na inferia: kuelekea kichwani, kuelekea nyayoni. Pua ni superia kwa mdomo.
- Anteria na posteria: mbele na nyuma. Mfupa wa kidari ni anteria kwa moyo.
- Mediali na laterali: karibu na mstari wa katikati, mbali nao. Jicho ni laterali kwa pua.
- Proksimali na distali: karibu na shina la kiungo, mbali na shina. Kiwiko ni proksimali kwa kifundo cha mkono.
- Ya juujuu na ya kina: karibu na ngozi, mbali na ngozi.

Sasa tahadhari inayowahusu hasa wanaofikiri kwa Kiswahili. "Juu" yetu ina kazi mbili: juu kuelekea kichwani, na juu kama kitu kilicho juu ya meza. Kidonda "juu ya goti" kiko wapi, kwenye paja au kwenye ngozi ya goti lenyewe? Vivyo hivyo "ndani": mtu akisema anaumwa paja kwa ndani, anaweza kumaanisha upande unaotazama paja la pili, ambao ni mediali, au chini ya ngozi kabisa, ambako ni kina. Usiandike juu wala ndani kwenye maelezo ya mgonjwa bila kumwambia aweke kidole.

Kosa lingine: kutumia proksimali na distali kila mahali. Maneno haya ni ya vitu vyenye shina, yaani mikono, miguu, na mirija kama utumbo. Hakuna pua iliyo proksimali kwa sikio.

4. Yapasue maneno mapana

Usiikimbilie hatua hii. Ikikaa vizuri, mengine yote huwa mepesi.

*Mkono.* Kwetu mkono ni kuanzia begani hadi kwenye kucha. Anatomia inaukata: mkono wa juu ni bega hadi kiwiko, wenye mfupa mmoja, humerasi. Kigasha ni kiwiko hadi kifundo, mifupa miwili. Kuanzia kifundo kwenda mbele kuna mifupa 27: 8 midogo ya kifundo, 5 ya kiganja, 14 ya vidole. Kidole gumba kina pingili mbili, vingine tatutatu, zihesabu.

*Mguu.* Paja, goti, muundi kwa mbele na shavu la mguu kwa nyuma, kifundo, kisigino, wayo. Ukiandika "kidonda cha mguu" umeandika nusu ya mwili. Upande wa nje wa kifundo ule uvimbe wa mfupa ni ncha ya fibula, mfupa mwembamba wa chini ya goti; wa ndani ni wa tibia, mfupa mnene wa muundi. Hapo chini kuna mifupa 26, mmoja pungufu ya mkononi, kwa sababu ile ya kifundo ni 7.

*Tumbo.* Neno hili ni balaa. Ni eneo lote kati ya mbavu na nyonga. Ni mfuko unaopokea chakula. Na mjamzito naye ana tumbo. Sema "tumbo" kwa eneo, "mfuko wa chakula" kwa kiungo, "mji wa mimba" au "uterasi" kwa kile cha tatu. Na mtu akikuambia anaumwa chembe cha moyo, mwangalie anagusa wapi. Mara nyingi ni lile bonde chini ya ncha ya kidari, ambapo nyuma yake kuna mfuko wa chakula na sehemu ya ini. Lakini usimpuuze: maumivu ya moyo wenyewe nayo huweza kujitokeza papo hapo.

*Mshipa.* Geuza kiganja juu, kunja ngumi, kisha kunja kifundo kidogo. Kamba ngumu zinazoinuka katikati ya kifundo ni kano. Zinaunganisha misuli na mifupa. Michirizi ya kijani au bluu chini ya ngozi ni vena, zinazorudisha damu moyoni. Weka vidole viwili upande wa gumba, kwenye kijibonde kando ya kano: kinachodunda ni ateri, inayotoa damu moyoni. Sasa gonga taratibu nyuma ya kiwiko upande wa mediali, penye kijifuo kati ya mifupa miwili. Ule mshtuko unaokimbilia kidole cha mwisho ni neva ya ulna. Vitu vinne tofauti, na vyote bibi yako anaviita mishipa. Kuna wanaotumia mshipa hata kwa ngiri. Usimsahihishe mgonjwa, wewe ndiye unayetakiwa kujua anasema ipi.

Ukikosa ile kamba ya katikati kabisa unapokunja kifundo huku gumba limegusa kidole cha mwisho, huna ugonjwa. Baadhi ya watu huzaliwa bila msuli huo na mkono unafanya kazi vilevile.

Hesabu mapigo kwa kidole cha shahada na cha kati, usitumie gumba, kwa sababu gumba lina mapigo yake utakayoyahesabu ukidhani ni ya mgonjwa. Sekunde 30, zidisha kwa mbili. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100.

5. Kata matango

Chora uso upande mmoja wa kila tango, kama mtu aliyesimama. La kwanza likate toka juu hadi chini kupitia katikati ya uso, upate kushoto na kulia: huo ni mkato wa sajitali. La pili likate toka juu hadi chini ukitenga mbele na nyuma: koronali. La tatu likate kwa mlalo, upate juu na chini: transvesi.

Bila uso uliochora, mikato miwili ya kwanza inafanana kabisa. Ndiyo sababu ya kuuchora, na ndiyo sababu watu huichanganya. Picha za siti skani za tumbo ni vipande vya transvesi, na hutazamwa kutokea nyayoni. Kwa hiyo ini lililo kulia kwa mgonjwa linaonekana kushoto kwa msomaji, kama kwenye hatua ya 2.

6. Chora ramani kwenye kiwiliwili

Weka kidole kwenye kibonde cha chini ya koo, kati ya mifupa miwili ya mtulinga. Teremka juu ya kidari kama sentimita 5 hadi ugonge kijituta cha mlalo. Kando yake kuna ubavu wa pili. Hapo ndipo pa kuanzia kuhesabu. Ubavu wa kwanza umejificha nyuma ya mtulinga na anayeanza kuuhesabu huishia kukosea mbavu zote.

Shuka: wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Nafasi iliyo chini ya ubavu hubeba namba ya ubavu huo. Kwenye nafasi ya tano kushoto, kwenye mstari unaoshuka toka katikati ya mtulinga, papasa: ncha ya moyo hugonga hapo. Usipoisikia, lala kidogo kwa ubavu wa kushoto. Moyo wenyewe uko nyuma ya kidari, kiasi cha theluthi mbili zikiwa kushoto. Haukai kushoto kabisa kama tunavyoonyesha tukiapa.

Sasa chora msalaba unaopita kwenye kitovu, upate robo nne za tumbo:

- Juu kulia: ini na kifuko cha nyongo.
- Juu kushoto: mfuko wa chakula na wengu, ambalo wengine huliita bandama.
- Chini kulia: mwanzo wa utumbo mpana na kidole tumbo.
- Chini kushoto: mwisho wa utumbo mpana kabla ya rektamu.

Ini na wengu ziko tumboni, chini ya kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo, lakini zimefunikwa na mbavu. Ndilo jibu la swali la mwanzo. Wengu la mtu mwenye afya kwa kawaida huligusi. Kwenye maeneo yenye malaria nyingi, mtoto aliyeugua mara kwa mara huweza kuwa na wengu lililovimba hadi likashuka chini ya mbavu, na hapo mkono unalikuta.

Figo zinaonewa sana. Kila anayeumwa kiuno husema figo. Ziko juu kuliko watu wanavyodhani: nyuma, pande mbili za uti wa mgongo, sehemu yake ikiwa chini ya mbavu za mwisho. Ya kulia iko chini kidogo kuliko ya kushoto kwa sababu ini limekaa juu yake.

7. Fuata tonge la ugali

Mifumo huhesabiwa 11: ngozi, mifupa, misuli, neva, tezi za homoni, mzunguko wa damu, limfu na kinga, upumuaji, umeng'enyaji, mkojo, uzazi. Ukiikariri kwa orodha utaisahau kwa orodha. Fuata tonge.

Mkono unalikata tonge: misuli inavuta, mifupa inabeba, neva zinaamuru. Mdomoni mate yanaanza kuivunja wanga. Ukimeza, epigloti inaziba njia ya hewa. Ikichelewa unapaliwa, na hapo umeugusa mfumo wa upumuaji. Umio, kama sentimita 25, unalisukuma hadi mfuko wa chakula. Kisha duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba, ambamo nyongo kutoka ini na vimeng'enya kutoka kongosho vinamiminika. Utumbo mwembamba, kama mita 6, unafyonza. Pima mita 6 kwa futi ya fundi sakafuni, uone kinachokunjwa tumboni mwako.

Kilichofyonzwa cha wanga hakiendi moyoni moja kwa moja. Kinapita vena ya lango hadi kwenye ini kwanza, ambalo hukihifadhi au kukiachia. Sukari ikipanda kwenye damu, kongosho linatoa insulini: umeingia mfumo wa homoni. Moyo unasambaza, mapafu yanaleta oksijeni ya kuichoma ile sukari, figo zinachuja taka. Mkojo unashuka kwa ureta mbili hadi kibofu, na unatoka kwa yurethra moja. Hayo mawili huchanganywa kila mwaka: ureta ni mbili na ziko juu, yurethra ni moja na ndiyo mlango.

Mafuta yana njia yake: mengi hupitia limfu kabla ya kuingia kwenye damu. Uzazi ndio mfumo pekee ambao tonge haliupitii waziwazi. Usome peke yake.

8. Pasua moyo wa ng'ombe

Moyo wa mbuzi ni mdogo mno kwa anayeanza. Mwambie mwenye bucha mapema akuachie moyo wenye mirija yake ya juu, asiikwangue. Nunua nyama iliyogongwa muhuri wa mkaguzi. Mkaguzi huupasua moyo kidogo anapoukagua, basi chagua wenye mpasuo mfupi. Vaa glavu, fanya kazi mbali na jiko, na usiule baada ya zoezi.

a) Osha, toa madonge ya damu kwa kidole.

b) Bonyeza pande zote mbili. Upande mgumu ni wa kushoto. Ncha nayo ni ya chemba ya kushoto, yaani chumba cha chini cha upande huo.

c) Tafuta mirija. Wenye ukuta mnene, mweupe, unaobaki wazi ukiubonyeza na kuuachia, ni ateri. Unaonywea kama mfuko mtupu ni vena. Kwa zoezi hili moja utaelewa tofauti kuliko kwa kurasa kumi.

d) Penyeza penseli kwenye ateri nene. Ikitokea chemba yenye ukuta mnene, hiyo ni aota, ateri kuu ya mwili. Ikitokea chemba ya ukuta mwembamba, ni ateri ya mapafu.

e) Kabla ya kukata, simamisha moyo na umimine maji ndani ya aota. Vali, ule mlango unaoizuia damu isirudi nyuma, ikiwa nzima, maji yanasimama, ingawa yatashuka polepole.

f) Kata toka aota kushuka hadi nchani. Juu tu ya vali utaona vitundu viwili: ndipo zinapoanzia ateri zinazoulisha moyo wenyewe. Ndiko yale maji yalikokuwa yakipotelea, na kuziba kwa ateri hizo ndiko shambulio la moyo.

g) Pasua upande wa kulia. Pima kuta zote mbili kwa rula. Wa kushoto hukaribia mara tatu ya wa kulia, maana mmoja unasukuma mwili mzima na mwingine mapafu tu. Vali ya kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini ina vipande viwili, ya kulia vitatu. Vuta zile nyuzi nyeupe uone vali inavyozuiwa isipinduke.

Ukikuta kitu kigumu kama mfupa karibu na mzizi wa aota, kisu hakijaharibika. Ng'ombe ana kifupa hapo, binadamu hana.

9. Vunja majina vipande

Hepato ni ini, nefro figo, gastro mfuko wa chakula, kadio moyo, osteo mfupa. Mwisho wa -itisi ni kuvimba na kuwaka: nefritisi, gastritisi. Mwisho wa -ektomi ni kukata na kuondoa. Haipa ni kuzidi. Haipo ni kupungua, nalo limebahatika kufanana na Kiswahili: sukari haipo ya kutosha, ni haipoglaisemia. Ishirini kama hizi zinatosha kwa mwezi wa kwanza.

Ukikwama

*Mapigo hayasikiki kifundoni.* Unabonyeza mno. Legeza, au sogea sentimita moja kuelekea gumba.

*Ateri hubeba damu yenye oksijeni, mbona ya mapafu haina?* Kwa sababu ulikariri vibaya. Ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha moyoni. Oksijeni haimo kwenye maana yake. Vena za mapafu zinabeba damu yenye oksijeni nyingi.

*Maji hayasimami kwenye aota.* Kisu cha mkaguzi au cha bucha kimepita kwenye vali, au donge la damu limeishikilia wazi. Osha ujaribu tena, kisha jaribu kwenye ateri ya mapafu.

*Hesabu ya mifupa haifiki 206.* Umehesabu mtoto, au umesahau 6 midogo ya masikioni na mmoja wa shingoni chini ya ulimi. Mtoto mchanga ana mingi zaidi kwa sababu mingine haijaungana.

*Iliamu na ileamu.* Ya kwanza ni mfupa wa nyonga, ule unaoshika mkanda. Ya pili ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Weka mikono kiunoni kama mtu anayedai deni lake: chini ya viganja umeshika iliamu.